Bukavu: Diski ya seva ikijaa, usibomoe nyumba ya zamani kabla ya kulala katika mpya

Mgonjwa yuko mbele ya dirisha la mapokezi. Muuguzi ameandika jina, umri na avenue anayokaa, lakini anapobonyeza ili fishi ihifadhiwe, kompyuta inakataa. Ujumbe ni mfupi: nafasi imekwisha. Hakuna kilichovunjika, hakuna virusi, hakuna mwizi aliyeingia. Diski imejaa tu.

Jambo hilo linaweza kutokea Ibanda, Kadutu ama Bagira, popote penye seva, yaani ile kompyuta moja inayowahudumia watu wengi kwa pamoja: fishi za wagonjwa, alama za wanafunzi, orodha ya waliolipa minervali, hesabu za ushirika. Dawa yake inajulikana na si ngumu. Fundi hununua diski mpya, kisha anahamishia huko saraka iliyovimba. Lakini katika mji ambamo kuraa hukatika bila kuaga, uhamisho uliofanywa kwa haraka unaweza kupoteza kwa nusu saa kazi ya miaka mingi.

Saraka inayonenepa peke yake

Seva nyingi duniani hutumia mfumo wa jamaa ya Unix, na hasa Linux, ambayo haina malipo na huweza kufanya kazi hata kwenye mashine ya zamani. Simu ya Android nayo imejengwa juu ya moyo wa Linux, kwa hiyo wengi wanaitumia kila siku bila kujua.

Katika mifumo hiyo hakuna diski C wala diski D kama kwenye Windows. Kila kitu kiko chini ya shina moja linaloandikwa kwa mkwaju, /. Kutoka hapo zinatoka saraka, yaani dosie kubwa, na kila moja ina kazi yake: /etc hutunza mipangilio, /home hutunza mafaili ya watumiaji, na /var hutunza vitu vinavyobadilika kila saa.

Mara nyingi mgonjwa ni hii /var. Ndani yake mna kumbukumbu za kila tukio la mashine, barua pepe zinazosubiri, vifurushi vya programu vilivyopakuliwa, na kwa kawaida hifadhidata yenyewe. Hakuna anayeiongezea kitu kwa mkono, lakini inanenepa usiku na mchana. Ikijaa diski nzima, hifadhidata haiwezi tena kuandika, na kazi ya dirisha la mapokezi inasimama.

Uzuri wa Unix ni kwamba tawi lolote la mti huo linaweza kukaa kwenye diski nyingine bila programu kujua. Hifadhidata inaendelea kuandika ndani ya /var kama jana. Haiulizi kama /var iko kwenye diski ya kwanza ama ya pili. Kitendo cha kuunganisha diski na tawi la mti mafundi hukiita kupachika.

Tatizo lenye umri wa zaidi ya miaka 50

Unix ilizaliwa mwaka wa 1969 katika maabara ya Bell Labs, jimboni New Jersey nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wakifanyia kazi kwenye mashine iitwayo PDP-11, ambayo diski zake zilibeba megabaiti chache tu, chini ya picha moja ya simu ya leo.

Kulingana na simulizi ambayo mafundi wa Unix huipenda sana, mfumo ulikaa kwenye diski ya kwanza, na mafaili ya watumiaji kwenye diski ya pili, ndani ya saraka iliyoitwa /usr. Mfumo ulipokua, diski ya kwanza ikajaa. Wakachukua baadhi ya programu na kuzihamishia kwenye diski ya watumiaji. Baadaye watumiaji wenyewe walipewa saraka nyingine, lakini programu zilibaki /usr, na jina hilo halikubadilika.

Athari ya uhamisho huo ilidumu miongo minne. Kwa muda wote huo programu ziligawanyika kati ya /bin na /usr/bin. Ilibidi kufika mwaka wa 2012 ili Fedora, mojawapo ya aina za Linux, iziunganishe tena, na Debian ikafanya hivyo kuwa sharti katika toleo lake la 12, mwaka wa 2023. Uamuzi uliofanywa siku diski ilipojaa uliwasumbua mafundi waliozaliwa baada yake.

Kwanza, je, ni lazima kuhama?

Kabla ya kununua diski, fundi mwenye busara anapima. Amri `df -h` inaonyesha kila diski ina nafasi kiasi gani. Amri `du -sh /var/*` inaonyesha ni chumba gani kimejaa.

Mara nyingine inatosha kufagia. Amri `apt clean` hufuta vifurushi vilivyopakuliwa kwenye Debian na Ubuntu. Amri `journalctl --vacuum-size=500M` hupunguza kumbukumbu za mfumo hadi megabaiti 500. Na faili lililofutwa linaweza kuendelea kushika nafasi ikiwa programu bado imelifungua; nafasi inarudi pale programu hiyo inapozimwa na kuwashwa upya.

Mara nyingine chumba kimoja tu ndicho kizito. Ikiwa hifadhidata imekaa ndani ya /var/lib na ndiyo inayokula karibu nafasi yote, hakuna sababu ya kuhamisha /var nzima. Fundi anasimamisha hifadhidata peke yake, anahamisha saraka yake, na sehemu nyingine ya mashine haiguswi.

Kuna saraka ambazo hazihamishwi kabisa. /etc ni mojawapo. Ndani yake mna karatasi inayoiambia mashine diski gani ipachikwe wapi. Ukiiweka /etc kwenye diski ya pili, mashine itaamka bila kujua pa kuitafuta, kama mtu aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba.

Kuraa, adui wa kwanza

Bukavu inapata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu kwenda Tanganyika. Bwawa la Ruzizi I lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II, inayotumiwa kwa pamoja na Congo, Rwanda na Burundi, ilifuata mwaka wa 1989. Mitambo imezeeka, mji umekua, na taka za plastiki zinazosukumwa na maji ya ziwa mara kadhaa zimeziba njia ya maji na kusimamisha mashine. Delestaji imekuwa sehemu ya maisha.

Kwa mtu anayehamisha saraka, hesabu ni hii. Chukulia kituo cha afya chenye gigabaiti 90 za kuhamisha. Ikiwa diski zinapitisha megabaiti 50 kwa sekunde, kazi itachukua dakika 30. Ikiwa mafaili ni madogomadogo na mengi, inaweza kufika saa mbili ama zaidi. Ondileri ndogo inayowekwa chini ya meza, kwa kawaida, hushikilia kompyuta moja kwa dakika kumi au kumi na tano. Imetengenezwa ili mashine izimwe kwa heshima, si ili kazi iendelee.

Kwa hiyo swali la kwanza la siku ya kuhama ni umeme. Betri za sola zilizojaa, ama jenereta yenye mafuta ya kutosha, zinatangulia amri zote. Bila hivyo, ni afadhali kungoja kesho.

Diski mpya nayo ichunguzwe. Soko la dunia limejaa diski na flashi zinazodanganya: nje zimeandikwa terabaiti 2, ndani zina sehemu ndogo ya hiyo. Zinakubali kila unachoziandikia, kisha zinafuta cha mwanzo ili kupata nafasi ya cha mwisho. Programu ya bure iitwayo f3 huzijaza na kuzisoma tena ili kugundua uongo huo, na `smartctl` husoma afya ya diski yenyewe. Kazi hiyo inaweza kuchukua usiku mzima, lakini usiku huo ni bei ndogo.

Siku ya kuhama

Kosa la kwanza ni kunakili wakati mashine inafanya kazi. Hifadhidata inayoandikwa huku ikinakiliwa hutoa nakala ambayo nusu yake ni ya saa nne na nusu ni ya saa nne na robo. Ni kama kuhesabu ndoo za sambaza wakati mwenye sambaza bado anauza: kila ukimaliza, hesabu imeshabadilika. Nakala ya namna hiyo inaweza kuonekana nzima, kisha ikakataa kufunguka wiki ijayo.

Njia safi ni kuzima seva, kuiwasha kwa flashi yenye Linux, na kuzifungua diski zote mbili kama mgeni anayezitazama kutoka nje. Diski ya zamani inapachikwa kwenye /mnt/zamani, mpya kwenye /mnt/mpya baada ya kutengenezewa mfumo wa mafaili kwa `mkfs.ext4`. Hapo ndipo pa kusoma jina la diski mara mbili, maana amri hiyo hufuta, na haiulizi kama umeielekeza kwenye diski ya zamani kwa bahati mbaya.

Kabla ya hatua yoyote, nakala ya akiba ya hifadhidata iwe imeshatolewa na kuwekwa mahali pa tatu. Kuhamisha si kutunza akiba. Kati ya diski mbili zilizo mezani, kosa moja la mkono linaweza kuzigusa zote.

Kisha inakuja amri yenyewe:

`rsync -aAXH /mnt/zamani/var/ /mnt/mpya/`

Herufi hizo nne zina kazi kubwa. Kila faili katika Unix lina mwenyewe, ruhusa na tarehe yake. Zikipotea njiani, faili limefika lakini si lilelile. Hifadhidata ya PostgreSQL, kwa mfano, hukataa kuanza ikiona saraka yake imefunguliwa kwa kila mtu ama mwenyewe amebadilika. Wanaonakili kwa kuvuta na kuachia kwa kipanya mara nyingi hugundua hilo saa nane usiku. Mkwaju ule wa mwisho baada ya var nao una maana: ukiusahau, utapata var ndani ya var.

Rsync ilitolewa mwaka wa 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, na ina faida moja inayoufaa mji wa delestaji. Ikikatizwa, ikirudiwa inaruka mafaili yaliyokwisha kufika na kuendelea na yaliyobaki. Amri ya kawaida ya kunakili huanza tena mwanzo.

Baada ya hapo fundi anarudia amri ileile akiongeza herufi n, c na i. Sasa rsync hainakili kitu. Inasoma kila faili pande zote mbili, herufi kwa herufi, na kutaja tofauti. Ikikaa kimya, nakala ni kamili. Hatua hii inachosha na ndiyo inayorukwa zaidi, lakini kabla yake fundi anatumaini tu. Baada yake anajua.

Mstari mmoja unaoweza kuzuia mashine kuamka

Sasa saraka ya zamani haifutwi. Inabadilishwa jina tu, kuwa /var.zamani, na mahali pake panaundwa saraka tupu yenye jina /var, ambapo diski mpya itapachikwa.

Wanaopachika diski mpya moja kwa moja juu ya saraka ya zamani hupata mshangao: kila kitu kinafanya kazi, lakini diski ya kwanza bado imejaa. Mafaili ya zamani hayakwenda popote. Yamefunikwa tu, kama vyombo chini ya kitambaa, na yanaendelea kula nafasi bila mtu kuyaona.

Kinachobaki ni faili /etc/fstab, ile karatasi ya diski na mahali pake. Fundi anatoa nakala yake kwenye flashi, kisha anaongeza mstari mmoja wenye namba ya utambulisho wa diski, iitwayo UUID, ambayo amri `blkid` huionyesha. Majina kama /dev/sdb1 hayaaminiki: leo ni diski yako mpya, kesho mtu akichomeka diski ya nje kabla ya kuwasha mashine, jina hilo linaweza kuwa la diski hiyo ya nje. UUID haibadiliki hadi diski itengenezwe upya.

Kosa la herufi moja katika mstari huo linatosha kuifanya seva isiamke, na badala ya kufungua programu itasimama kwenye hali ya dharura ikisubiri fundi. Mashine ikiwa ofisini, ni usumbufu. Ikiwa iko mbali, kwa mfano Walungu ama Kabare, na barabara imekatwa na mvua, ni siku nzima bila huduma.

Diski isipoamka

Ili kukwepa hatari hiyo, baadhi ya mafundi huongeza neno `nofail`, linaloiambia mashine iendelee hata diski isipoonekana. Kwa diski ya muziki ama ya filamu, ni sawa. Kwa diski ya fishi za wagonjwa, neno hilo ni mtego.

Chukulia umeme umekatika na kurudi, na waya wa diski mpya umelegea. Mashine inaamka, haioni diski, inaendelea. Programu inakuta saraka tupu. Baadhi ya programu zitakataa kuanza, na hiyo ni heri. Nyingine zitadhani ni siku yao ya kwanza na kuanza daftari jipya. Muuguzi anaandika wagonjwa wa siku hiyo kwenye diski ya zamani. Kesho waya unakazwa, diski mpya inarudi, na wagonjwa wa jana hawaonekani tena. Sasa kituo kina madaftari mawili, na hakuna hata moja lenye ukweli wote.

Mwenye simu anaijua hali hiyo. Alihamishia programu zake kwenye kadi ya kumbukumbu, kadi ikatoka, na programu zikatoweka. Kwenye simu inaudhi. Kwenye dawa alizopewa mgonjwa jana, inaweza kuua.

Kwa data za namna hiyo ni afadhali seva ikatae kuamka kuliko iamke na kudanganya. Kelele ya asubuhi moja hurekebishwa. Kosa la kimya la mwezi mzima haliwezi.

Kulala kwanza, kufuta baadaye

Seva inawashwa. Inazimwa. Inawashwa tena, maana mara nyingi kosa la fstab halionekani hadi mashine ianze upya. Muuguzi anafungua fishi ya zamani, anaandika fishi mpya, anachapisha risiti. Ndipo kazi inaweza kuitwa imefanikiwa, na hata hapo /var.zamani inabaki mahali pake kwa wiki mbili ama mwezi, hadi ripoti ya mwisho wa mwezi itoke bila pengo. Anayehamia nyumba mpya habomoi ya zamani kabla ya kulala usiku mmoja na kusikia kama paa linavuja.

Diski kubwa zaidi, hata hivyo, ni mahali pamoja tu pa kupoteza vitu vingi zaidi. Bukavu inalijua hilo kuliko miji mingi. Tetemeko la Februari 3, 2008 lilibomoa nyumba mjini. Moto huteketeza mara kwa mara mitaa ya Kadutu na Ibanda ambako nyumba za mbao zimebanana. Februari 2025, mji ulipoangukia mikononi mwa M23, maghala ya Shirika la Mpango wa Chakula, PAM, yaliporwa. Moto hauchagui diski mpya na ya zamani, na anayebeba kompyuta haulizi ndani yake mna nini.

Ndiyo maana kanuni ya mafundi inataka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali. Kwa ofisi isiyo na intaneti ya kutosha, mbali inaweza kumaanisha diski ndogo inayotoka Ibanda kila Ijumaa na kulala Bagira, ikiwa imefungwa kwa nenosiri, kwa sababu siri ya mgonjwa haipotezi thamani kwa kuwa imo ndani ya mfuko.

Diski mpya nayo itajaa siku moja. Atakayeketi mbele yake siku hiyo huenda asiwe fundi yuleyule. Kwa hiyo hatua ya mwisho haihitaji hata kompyuta: ni karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa seva, yenye tarehe, namba ya diski, saraka iliyohamishwa, na mahali nakala ilipo.